Kisigino cha Alfajiri kwa Mwenye Maradhi ya Tezi

Yapo maumivu yasiyomjia mtu akiwa kazini wala njiani, bali humngoja kando ya kitanda. Naye atiapo mguu chini kwa hatua ya kwanza ya siku, humchoma kisiginoni kwa ukali wa kumfanya ashike ukuta na kwenda kwa ncha za vidole mpaka msalani, kisha baada ya hatua kumi au ishirini hulegea, yakamwacha atembee kana kwamba hapana lililotokea, hata adhuhuri, akiinuka kitini baada ya kukaa kitako kwa muda, yakamrudia tena kama yalivyokuwa alfajiri. Mwongozo huu ni wa mtu huyo, na hususa ni wa yule ambaye kabla ya kisigino kumwuma alikuwa tayari na maradhi mengine ya kudumu, nayo ni upungufu wa homoni ya tezi ya shingo, ile tezi ndogo iliyokaa mbele ya koo, chini kidogo ya kikoromeo, ambayo matabibu huiita thairoidi.

Nitalitanguliza lile ninaloliona kuwa kubwa katika jambo hili, ili msomaji mwenye haraka asilikose. Maradhi haya mawili, ingawa moja liko shingoni na jingine liko chini kabisa ya mwili, yana wakati mmoja wa tiba, nao ni wakati wa kuamka. Kidonge cha tezi hutaka tumbo tupu na kungoja nusu saa, au bora saa nzima, kabla ya kunywa chai. Na kisigino hutaka kunyoshwa kabla hakijakanyaga sakafu, kisha kutembezwa kwa taratibu mpaka kipate moto. Wengi wa wenye maradhi ya tezi huiona nusu saa ile kuwa adha, wakaketi wakiitazama birika au wakaipunguza siku hadi siku mpaka kidonge na chai vikawa vinashuka pamoja. Ilhali muda huo huo, ukitumiwa kwa ajili ya miguu, huwa ndio sehemu iliyo bora ya matibabu ya kisigino, na mtu hupata kutimiza haki ya maradhi yote mawili bila kuongeza shughuli nyingine katika siku yake.

Kwanza na tukijue kisigino chenyewe. Chini ya wayo, kati ya ngozi na mifupa, pana utepe mpana wa kano ngumu unaoanzia upande wa ndani wa mfupa wa kisigino, ukaenda mbele ukijigawa mafungu matano mpaka kwenye mashina ya vidole, nao ndio unaolishikilia tao la mguu lisilale chini, mfano wa upote uliofungwa kwenye ncha mbili za upinde. Mwaka 1954, huko Uingereza, J. H. Hicks alieleza jinsi utepe huu unavyovutwa na tao likainuka kila dole gumba linapokunjwa kwenda juu, na kila mtu aweza kulishuhudia hilo akiwa ameketi: likunje dole gumba lako kwa mkono kuelekea kwenye ugoko, na papo hapo utaliona tao likipanda, na ukipitisha kidole chini ya wayo utaugusa utepe wenyewe ukiwa umekaza chini ya ngozi. Tulalapo, miguu huelekea chini, vidole vikitazama mwisho wa kitanda, na kwa usiku kucha utepe huo pamoja na misuli ya shavu la mguu hukaa katika hali ya kufupika. Kisha mtu huamka, na katika nukta moja uzito wa mwili mzima huunyosha ghafula pale pale uliposhikana na mfupa, mahali ambapo ndipo ulipokwisha kuchakaa. Hiyo ndiyo sababu ya maumivu kuwa makali asubuhi na kupungua mtu akishatembea kidogo, na ndiyo sababu ya tiba iliyo bora kuanzia kitandani wala si dukani.

Nimesema umechakaa, na neno hilo nimelitaka. Kwa miaka mingi maradhi haya yalidhaniwa kuwa ni mchochota mtupu, na tiba yake ikawa ni dawa za kutuliza mchochota. Walakini mwaka 2003 Harvey Lemont na wenzake wa Marekani walipozichunguza kwa hadubini nyama zilizotolewa katika visigino vya watu waliopasuliwa, walikuta nyuzi zilizochakaa na kuvurugika zaidi kuliko dalili za mchochota. Faida ya kulijua hilo ni kwamba kano iliyochakaa hairudi katika uzima wake kwa kidonge cha maumivu, bali kwa kunyoshwa, kubebeshwa mzigo kwa kiasi, na kupewa muda. Tena usishtuke picha ya eksirei ikionyesha mwiba wa mfupa chini ya kisigino, maana wako watu wengi wenye mwiba kama huo ambao hawajapata kuumwa hata siku moja, na kuuondoa kwa kisu aghalabu hakumponyi mtu. Inakadiriwa kwamba mtu mmoja katika kila kumi hupatwa na maumivu haya katika umri wake, na wengi wao ni wa miaka 40 hadi 60, wenye uzito mkubwa, au wenye kazi ya kusimama kutwa juu ya sakafu ngumu: mwalimu mbele ya ubao, mlinzi langoni, mwuguzi wodini, mwuza duka nyuma ya meza yake, na mama wa jikoni asiyepata kuketi tangu alfajiri mpaka magharibi.

Sasa tuitazame tezi. Tezi ikishindwa kutoa homoni ya kutosha, shughuli zote za mwili hupoa: mtu huchoka pasipo kazi, huhisi baridi wakati wenzake wanatoka jasho, choo huwa kigumu, sauti hukwaruza, nywele hupungua, ngozi hukauka mpaka visigino vikapasuka magaga, hedhi za wanawake huwa nzito, na uzito huongezeka, ijapokuwa sehemu kubwa ya uzito huo ni maji na chumvi kuliko mafuta. Misuli nayo hukakamaa na kuuma, na mikono hufa ganzi usiku kwa sababu ya kuvimba kwa njia ya mshipa wa fahamu upitao kwenye kifundo cha mkono. Sababu iliyo kuu ya hali hiyo, katika nchi ambazo iodini haikosekani katika chumvi, ni kinga ya mwili kuishambulia tezi yenyewe, jambo ambalo tabibu wa Kijapani Hakaru Hashimoto alilieleza mwaka 1912 na ambalo hata leo linaitwa kwa jina lake. Na kwa upande wetu, katika nyanda za juu za Tanzania, kizazi cha kabla ya chumvi kutiwa iodini kilijua rovu kwa kuliona kwenye shingo za jamaa zao. Dawa ipo, na ni ya kuaminika: tangu mwaka 1891, George Murray wa Newcastle alipomdunga mama mmoja maji ya tezi ya kondoo na mama yule akaishi mpaka mwaka 1919, imejulikana kwamba anayekosa homoni hii aweza kurudishiwa kutoka nje ya mwili wake, na hii leo hurudishiwa kwa kidonge kidogo cha levothairoksini kila siku.

Je, tezi ndiyo iliyokuletea maumivu ya kisigino? Usiharakie kusema ndiyo. Wapo watu maelfu wenye tezi salama na visigino viumavyo, na kila dalili ya mwili ikitupiwa tezi, mgonjwa hukosa kutafuta sababu nyingine iliyo karibu, kama viatu vyake au kazi yake. Lakini usiseme la moja kwa moja pia, kwa kuwa tezi isiyotoa homoni ya kutosha humwongezea mtu uzito juu ya kisigino, humkakamazia misuli ya shavu la mguu ambayo ndiyo iuvutayo utepe wa wayo, na humchosha asiweze kufanya mazoezi yatakayomponya. Basi jambo la kwanza kwa mwenye maradhi haya mawili ni kuuliza: mara ya mwisho damu yangu ilipimwa lini, na kipimo cha tezi kiitwacho TSH kilikuwa wapi? Kama ni zaidi ya mwaka, au kama uchovu na baridi vimerejea, nenda ukapimwe, maana ni taabu bure kuhangaika na kisigino juu ya mwili ambao haujapata haki yake ya homoni.

Na hapa pana hadhari ambayo naiomba isomwe kwa makini, kwa kuwa ni rahisi mtu mwenye nia njema kuidhuru nafsi yake. Mtu aumwapo kisigino hudhani mifupa yake imepungukiwa na kalisiamu, akanunua vidonge vyake dukani, akavimeza asubuhi pamoja na kidonge cha tezi ili asisahau. Kalisiamu huikamata levothairoksini tumboni, isifyonzwe ikaingia katika damu. Vivyo hivyo vidonge vya kuongeza damu ambavyo wanawake wenye hedhi nzito huandikiwa, na dawa za kiungulia. Baada ya miezi miwili mtu huyo huwa amechoka zaidi, amenenepa zaidi, na kisigino kinauma zaidi, naye haelewi kisa, kwa sababu anameza kidonge chake kila siku bila ya kukosa. Vitenganishwe basi kwa muda wa saa nne: cha tezi alfajiri, vya damu na kalisiamu mchana au usiku. Kidonge cha tezi kimezwe kwa maji matupu, wala si kwa chai ya maziwa wala kahawa, kiwekwe mahali pakavu pasipo jua wala joto la jikoni, na kisiongezwe kwa shauri lako mwenyewe kwa tamaa ya kupunguza uzito, maana homoni ikizidi moyo hudunda mbio na mifupa hudhoofika. Tabibu akikibadilisha kiasi, ngoja wiki sita hadi nane kabla ya kupima tena, kwa kuwa homoni hiyo hukaa mwilini siku nyingi na mabadiliko yake hayaonekani upesi. Mwanamke aliyeshika mimba hali akitumia dawa hii na aende kwa tabibu mapema, asingoje kliniki ya miezi ya mbele, kwa sababu haja ya mwili huongezeka tangu majuma ya mwanzo.

Baada ya hayo, asubuhi yenyewe iwe hivi. Usiku kabla ya kulala weka gilasi ya maji iliyofunikwa na kidonge kimoja karibu na kitanda, na sakafuni, mahali mguu utakapofikia bila ya kutafuta, weka ndara au viatu vyenye soli nene. Uamkapo, meza kidonge hali umeketi kitandani, wala usishuke. Uchukue mguu unaouma uupandishe juu ya goti la mguu wa pili, kama aketivyo fundi viatu ashikapo wayo wa kiatu. Kwa mkono mmoja shika vidole vyote vya mguu kwa mashina yake, uvivute kuelekea kwenye ugoko mpaka uhisi mvuto chini ya tao, na kwa mkono wa pili upapase utepe uhakikishe kwamba umekaza, maana kama haukukaza bado hujaunyosha. Hesabu moja hadi kumi kwa taratibu, uachie, urudie, na ufanye hivyo mara kumi. Zoezi hili ndilo lililojaribiwa na Benedict DiGiovanni na wenzake huko Rochester, katika jimbo la New York, wakatoa habari zake mwaka 2003, na likaonekana kumsaidia mwenye maumivu ya hatua ya kwanza kuliko kunyosha misuli ya nyuma ya mguu peke yake; nao waliagiza lifanywe mara tatu kwa siku, ya kwanza ikiwa ni kabla ya hatua ya kwanza. Mara mbili zilizobaki nakushauri uzifanye kabla ya kuinuka baada ya kukaa kwa muda mrefu, mathalani kabla ya kushuka katika daladala au kuondoka mezani ofisini.

Kisha tia viatu miguuni, ndipo ushuke. Simama mbele ya ukuta, uweke viganja viwili ukutani, urudishe nyuma mguu unaouma, kisigino kikiwa kimegusa chini na goti limenyoka, uegemee mbele mpaka shavu la mguu livutike, na uhesabu mpaka thelathini. Halafu ukunje goti hilo hilo kidogo, kisigino kisinyanyuke, uhesabu tena. Fanya mara mbili au tatu kwa kila mguu. Mwenye kuswali atakuta kwamba akiamka kwa alfajiri, akameza dawa yake, akanyosha miguu, akatia udhu na kuswali, muda wa kungoja chai umekwisha pasipo yeye kuuhesabu. Ila na ajihadhari na mambo mawili: kwanza, kutembea pekupeku juu ya marumaru ya msikiti kwa kisigino kilichotoka usingizini ni adhabu, kwa hiyo soksi nene au hatua fupi za taratibu zitamfaa, na pili, mkao wa swala wa kusimamisha mguu wa kulia hali vidole vimekunjwa huunyosha utepe huu huu wa wayo, jambo ambalo lina faida likija polepole, lakini likija ghafula kabla mguu haujapata moto huumiza, naye mwenye udhuru ameruhusiwa kukaa awezavyo.

Maumivu yakianza kulegea, kunyosha pekee hakutoshi, maana kano hupata nguvu kwa kubeba. Huko Denmark, Michael Rathleff na wenzake walionyesha katika miaka ya 2014 na 2015 kwamba kuinua kisigino kwa uzito, polepole, hali vidole vimeegeshwa juu ya taulo iliyoviringwa, huleta nafuu mapema zaidi kuliko kunyosha tu. Simama kwenye kipandio cha ngazi kwa mguu mmoja, ukishika ukuta au kigogo cha ngazi. Panda juu kwa kuhesabu tatu, tulia juu kwa mbili, shuka kwa tatu. Fanya siku moja uache moja, si kila siku. Mwenye tezi ambayo bado haijatulia na aanze kwa miguu miwili na kwa mara chache, asijilazimishe, kwa kuwa misuli yake huchelewa kupumzika na kesho yake atajuta. Akiweza kufanya mara kumi na mbili bila taabu, na atie vitabu katika mkoba na kuuvaa mgongoni, akiongeza uzito wiki hadi wiki.

Kuhusu viatu sitasema mengi, ila yale nitakayosema na yashikwe. Kandambili nyembamba zilizolala kisigino na makubadhi yaliyo bapa, hata yawe mazuri namna gani kwa harusi na kwa Ijumaa, si viatu vya mwenye maumivu haya kwa kutwa nzima. Na kutembea pekupeku ndani ya nyumba yenye vigae au saruji ni vibaya zaidi, ingawa ndiyo ada yetu na ndiyo adabu ya kuingia majumbani. Weka jozi moja ya ndara safi za soli nene zisizotoka nje, ziwe za ndani tu, na wenyeji wako wataelewa. Ukinunua raba za mitumba, kitazame kisigino kama kimeliwa upande mmoja, kisha kikunje kiatu kwa mikono miwili: kikikunjika penye vidole ni chema, kikikunjika katikati ya wayo kiache. Na magaga yasidharauliwe. Loweka miguu katika maji ya uvuguvugu, uisugue kwa upole, uipake mafuta mazito kabla ya kulala, maana ufa ulio wazi huingiza uchafu, na maumivu ya ufa hufichana na maumivu ya kano hata tabibu akatatizika.

Kukanda kwa maji ya moto yenye chumvi, kama wazee walivyotufundisha, huburudisha misuli ya mguu wakati wa jioni, wala sioni sababu ya kukukataza. Baada ya kutwa ya kusimama, chupa ndogo ya maji iliyoganda barafu, ikiviringishwa chini ya wayo kwa dakika kumi hivi, hupunguza uchungu. Lakini mwenye tezi aliye mwepesi wa kuhisi baridi na aivae soksi kwanza. Vidonge vya diklofenaki na ibuprofeni vinauzwa kila pembe ya mji na watu huvimeza kama peremende, nalo ni jambo la kusikitisha sana, kwa sababu vikizidi hutoboa tumbo, hupandisha shinikizo la damu na kuzidhuru figo, tena kano iliyochakaa haiponi kwavyo. Vitumike siku chache tu kwa shauri la tabibu. Sindano ya steroidi kisiginoni huleta nafuu ya wiki kadhaa, lakini yaweza kuudhoofisha utepe mpaka ukakatika, na kuyala mafuta yaliyo chini ya kisigino ambayo ndiyo mto wetu wa kukanyagia, kwa hiyo isiwe ndiyo ya kwanza kuombwa, wala isirudiwe rudiwe.

Mwenye kisukari, ambaye naye ni mgonjwa wa homoni kwa kuwa insulini yake imepunguka au haifanyi kazi, atafuata mengi ya haya, ila kwake mna tofauti zisizofaa kusahauliwa. Miguu yake yaweza kuwa imekufa ganzi bila yeye kujua, na kwa hiyo maji ya moto au barafu humuunguza pasipo kumwuma. Asivitumie mpaka apimwe hisia za nyayo. Sindano ya steroidi humpandishia sukari kwa siku kadhaa, hivyo na amwambie anayemdunga kabla ya sindano kujazwa. Na kila usiku azikague nyayo zake kwa kioo, au kwa macho ya mtu wa nyumbani, akitafuta lengelenge, ufa au mchubuko ulioletwa na kiatu kipya.

Yako maswali mawili ambayo huulizwa sana na watu wa pwani. La kwanza ni la mwani, ambao siku hizi huuzwa Unguja kwa unga na kwa kinywaji kuwa ni dawa ya viungo na ya tezi pamoja. Mwani una iodini, na iodini ni ya lazima kwa tezi yenye afya; lakini tezi inayoshambuliwa na kinga ya mwili haisaidiwi na iodini ya ziada, na mara nyingine huzidi kulegea kwayo, kwa hiyo usiutumie kama dawa kabla ya kumwambia tabibu wako. Chumvi ya kawaida iliyotiwa iodini yatosha. La pili ni la Ramadhani. Mwenye kufunga aweza kumeza kidonge chake nusu saa kabla ya daku, au wakati wa kulala, iwapo umekwisha kupita muda wa saa tatu tangu chakula cha mwisho. Achague moja na tabibu wake na adumu nalo mwezi mzima, maana kubadilisha badilisha ndiko kunakovuruga kipimo. Na kwa kuwa usiku wa Ramadhani una kisimamo kirefu katika tarawehe, kisigino kinyoshwe kabla ya kutoka nyumbani, na pasiwe na aibu ya kuswali kwa kiti katika rakaa za mwisho.

Maumivu niliyoyaeleza yana sura yake: ni ya hatua ya kwanza, yako chini ya kisigino upande wa ndani, na hupungua kwa kutembea. Yakiwa na sura nyingine, usiendelee na mwongozo huu, nenda hospitali. Maumivu yanayomwamsha mtu usiku hali amelala, mguu uliovimba na kuwa mwekundu pamoja na homa, ganzi au moto unaopanda kuelekea kifundoni, uchungu mkali ukiminywa kisigino kwa pande zote mbili kwa viganja, ambao waweza kuwa ni ufa wa mfupa, au mlio uliosikika ghafula chini ya wayo ukaacha tao limelala: haya yote yana sababu nyingine na tiba nyingine. Kadhalika kijana aliye chini ya miaka 40 mwenye kuumwa visigino viwili pamoja na mgongo unaokakamaa asubuhi kwa zaidi ya nusu saa na apimwe maradhi ya baridi yabisi, na mwenye shavu moja la mguu lililovimba na kuuma asilinyoshe ukutani kabla ya kuonekana na tabibu, isije ikawa ni damu iliyoganda katika mshipa.

Ulizo la mwisho ni la muda, nalo nitalijibu kwa kweli ijapokuwa halipendezi. Maumivu haya hayaondoki kwa wiki. Walio wengi, wanane au tisa katika kumi, hupona bila kisu ndani ya mwaka mmoja, na nafuu ya kwanza huonekana baada ya majuma sita hadi kumi na mawili ya kunyosha kila siku, ikija kwa kupanda na kushuka, wiki njema ikifuatwa na asubuhi mbaya. Andika katika daftari moja, si katika mawili, kipimo chako cha TSH na tarehe yake, kiasi cha kidonge, na kwa kila asubuhi tarakimu kati ya sifuri na kumi kwa uchungu wa hatua ya kwanza. Kisha mchukulie tabibu daftari hilo, kwa sababu yeye humwona mgonjwa robo saa katika miezi mitatu, naye akiliona ataweza kutambua kama kisigino kilianza kutulia baada ya homoni kutengemaa, au kilitulia kabla, au hakikutulia kabisa ikawa yafaa kutafuta kiunzi cha kulalia kinachoushika mguu usielekee chini usiku, au matibabu ya mawimbi ya mshindo, au mtaalamu wa mifupa. Mazoezi ya kuinua kisigino yaendelee miezi kadhaa baada ya maumivu kwisha, kisha yaweza kupunguzwa yakawa mara moja au mbili kwa wiki. Kidonge cha tezi hakipunguzwi kwa sababu kisigino kimepona.